Nyimbo Nilizosema ni Zangu

Nilipofika kwenye skuli ile, kusini ya Pangani njiani kwenda Mkwaja, nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na hedimasta alinipa kazi ambayo yeye mwenyewe hakuitaka.

"Utafundisha kuimba," alisema, macho yakiwa kwenye daftari lake. "Jumanne na Alhamisi. Madarasa yote."

Nilifurahi. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa Muheza, lakini ualimu niliusomea kwenye chuo cha misheni, na huko nilifundishwa kuimba kwa do, re, mi. Nilikuwa sijapata kupenda kitu kama nilivyopenda somo lile. Basi nikachora sauti zote nane kwenye karatasi kubwa, moja juu ya nyingine kama ngazi, nikaitundika ukutani. Watoto waliikamata upesi. Wiki haikwisha, wakawa wanaiimba njia nzima hadi makwao.

Huko makwao ndiko mambo yalikoharibika.

Jumanne iliyofuata nilimkuta nje ya dirisha la darasa maalim wa chuo cha Kurani, ameketi juu ya gogo, tasbihi mkononi.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba." Alikuwa anaitazama karatasi yangu. "Huyo Do ni nani?"

"Si mtu, maalim. Ni jina la sauti."

"Sauti ina jina?"

"Ndiyo."

"Na huyo Mi?"

"Naye ni sauti."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa akilitegemea. Hakuondoka mpaka somo likaisha, na Alhamisi akarudi.

Tangu hapo nikaanza kuona. Siku za kuimba, nusu ya watoto waliumwa matumbo. Nikifika kwenye baraza la kahawa, mazungumzo yanakatika, mtu mmoja anaanza kuulizia mvua. Nami nikawa nahesabu nyuso. Nilimshuku hedimasta kwamba alinipa somo lile makusudi nichukiwe. Lakini zaidi nilimshuku mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni. Kila tulipoanza kuimba alisimama nyuma ya ua wa makuti, mzigo kichwani, asitikisike, mpaka tunyamaze. Binti yake alikuwa darasa la tatu, na ndiye aliyekuwa na sauti nzuri kuliko wote. Nikajiambia: huyu ndiye anayepeleka habari.

Haukupita mwezi, jumbe wa kijiji akaniita. Wazee sita walikuwa wamekaa mkekani, maalim katikati yao.

"Watu wanasema unawafundisha watoto wetu sala za kanisani," jumbe akasema. "Mimi sisemi. Watu wanasema."

"Si kweli, mzee. Naimbisha habari za kupanda mihogo na kunawa mikono. Waulizeni watoto."

"Tumewauliza. Nyimbo umezitoa wapi?"

"Nimezitunga mwenyewe."

Maalim aliinua uso. "Maneno, au na sauti zake?"

"Na sauti zake," nikajibu, wala sikupepesa.

Kisha jumbe akaniruhusu niende. Nilitoka pale nimejaa hasira, najiona mtu aliyeonewa, mtu safi anayewindwa na wajinga. Nilikuwa nimeshajisahaulisha kwamba nilichotunga ni maneno tu.

Siku ya pili yake nikamkuta yule mwanamke njiani. Alitua mzigo wake wa kuni, akajifunga upya kanga.

"Mwalimu, ule wa mihogo naujua."

"Umewasikia watoto, mama."

"Naujua kabla ya watoto. Nilipika jikoni kwa masista kule milimani miaka mitatu. Kanisa lilikuwa ng'ambo ya ua tu. Kila Jumapili nilikuwa nachambua mchele nikiusikia. Maneno umebadilisha, lakini wimbo ni uleule."

Nikamuuliza, "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Nilikuwa nasimama pale ili niwe na hakika."

"Sina nia mbaya, mama. Ndizo nilizofundishwa. Sina nyingine."

Alinitazama sana. Sikuweza kujua kama ameniamini.

"Sitasema," akasema. "Ila binti yangu haimbi tena."

"Basi nifundishe mmoja wa kwenu. Wa kutwangia, wowote."

"Unataka na wetu? Uupeleke wapi?" Akajitwika kuni zake, akaenda.

Wiki nzima niliishi nikingojea jumbe aniite tena. Hakuniita. Darasani binti yule alikaa mdomo umefumbwa, ananitazama kwa macho ya mama yake, na sauti za wenzake bila yake zilikuwa kama chai isiyo sukari. Mwisho sikuweza kuvumilia. Nikaacha nyimbo zote nilizotoka nazo chuoni, nikakaa nyumbani siku tatu nikitunga wimbo wa kuvuna nazi, maneno na sauti, wangu kweli. Watoto walipousikia walicheka. Ulikuwa unapanda mahali pa kushuka. Tuliuimba hivyo hivyo, na kufika ubeti wa pili nikasikia sauti ya yule binti imeingia.

Nilipotoka, maalim alikuwa bado juu ya gogo lake.

"Huu umeutunga wewe," akasema.

"Umejuaje, maalim?"

"Mbaya. Zile za kwanza zilikuwa nzuri mno kwa kijana wa umri wako."

Hakucheka, wala hakuniuliza zilikotoka zile. Watoto walirudi mmoja mmoja, na matumbo yao yakapona. Maalim aliendelea kuja kila Jumanne na Alhamisi, tasbihi mkononi, kwa mwaka mzima mpaka nilipohamishwa. Kama yule mama alimwambia, sikupata kujua, na sikuwa na uso wa kumuuliza.