Tepu Iliyokunjwa Ncha

Mimi nashona viti vya magari, na banda langu limepakana na gereji ya Bi Waya na mumewe. Mume ni fundi injini, mke ni fundi umeme. Wateja walimpa jina hilo kwa kuwa akishika waya hatulii mpaka ajue umekatikia wapi. Ni mkali tangu zamani, lakini ukali wa siku ile sikuwahi kuuona. Hata mimi nikikumbuka hasira zinanipanda.

Muuguzi wa zahanati alifika na gari lake. Barabara ilikuwa na maji ya mvua. Kwenye mteremko alikanyaga breki, magurudumu yakaganda, gari likaserereka, nusura limgonge mtoto aliyekuwa akivuka na begi lake la shule.

"Na hakuna taa iliyowaka, dada," alisema. "Ningeiona."

Bi Waya akazungusha ufunguo. Kwa kawaida taa za tahadhari huwaka kidogo kisha huzimika, gari likijikagua. Mbili hazikuwaka kabisa: ya ABS, inayozuia magurudumu kuganda, na ile ya kuzuia kuteleza. Akaifungua dashibodi. Taa hizo zilikuwa zimezibwa kwa tepu nyeusi, imekatwa vizuri, ncha imekunjwa.

Sote pale tunajua ni nani hukunja ncha ya tepu ili ibanduke kwa urahisi.

"Baba Pacha!" Bi Waya akaita.

Mumewe akaja akifuta mikono kwa tambara.

"Taa zilikuwa zinamkera mama wa watu," alisema. "Breki zenyewe zinashika."

"Nilikwambia utengeneze!" muuguzi aling'aka. "Nani alikutuma uzibe?"

"Eti zinashika," Bi Waya akasema, akaingia nyuma ya usukani. "Barabara bado mbichi. Nenda kasimame pale chini. Nakuja kasi, nakanyagia breki mbele yako."

Baba Pacha aliutazama ule mteremko. Hakunyanyua hata mguu.

"Kumbe unajua," mkewe alisema.

Wakigombana, kwa kawaida mimi ndiye wa kwanza kutia chumvi. Siku hiyo nilitamani kumzaba kibao. Mficha maradhi kifo humuumbua, sawa, lakini huyu alificha maradhi ya gari la mwenzake. Kifo kingemuumbua nani?

Mashine ya kusoma gari ilitaja gurudumu la mbele kushoto. Bi Waya akalala chini, akaufuata waya wa sensa inayopima mzunguko wa gurudumu. Klipu yake ilikuwa imeng'oka, waya ukawa unasuguana na shokapu mpaka ukakatika. Mifumo yote miwili huitegemea sensa hiyo. Akafunga mpya, waya akaubana mbali na shokapu, akabandua tepu. Taa zikawaka, zikazimika. Akaushuka mteremko na kukanyaga kwa nguvu. Gari likasimama limenyooka. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo tu! Kwa uvivu wa kazi hiyo, mtoto wa watu angezikwa.

Bi Waya aliporudi, alimkazia macho mumewe.

"Magari mengine uliyoyaziba taa ni ya nani?"

Mkewe akamwekea simu mkononi.

"Wapigie wote. Kwa mdomo wako mwenyewe."

Baba Pacha akabonyeza namba, akangoja. Nilidhani anampigia mteja.

"Shikamoo, mama," akamsalimu mama yake mzazi. "Baba ameshaondoka na gari?"