Chungu cha Minda Hakifunikwi

"Hivi wewe Minda, hicho chungu utakiacha mdomo juu mpaka lini? Kila mvua ikinyesha kinajaa, mbu wanazaliana humo kama wamepangishwa!"

Ndivyo jirani yake Rina alivyomuuliza siku moja, ameegemea uzio. Minda alikuwa barazani kwake anamenya kamba wa kuchanganya na bamia. Hata kichwa hakuinua.

"Mbu wangu wanakuuma wewe?"

"Sasa watamuuma nani? Mlango wako na wangu ni pua na mdomo!"

"Basi shoga, njoo ukae. Nikueleze mara moja, usiniulize tena."

Rina alihamia kisiwani Sent Helena, pwani ya Marekani, baada ya vita vya kaskazini na kusini, naye alizaliwa huru, huko kaskazini. Hakujua habari za vyungu. Minda alizaliwa hapa hapa Karolina Kusini, mtumwa wa bwana Hadlow, mwenye pamba yote kuanzia gatini hadi kwenye miti ya mialoni.

Siku zile watumwa walikatazwa kukusanyika kusali peke yao. Walisali hivyo hivyo. Kazi ikiisha walijibana kibandani kwa Hagari, mama yake Minda, na mlangoni kilifunikwa chungu cha chuma, mdomo chini, kimeinuliwa kidogo kwa kijiti ili sauti iingie humo isifike kwa mnyapara. Kazi ya kukifunika ilikuwa ya Minda. Jumapili moja, akiwa na miaka tisa, alikwangua ukoko wa wali, akaulamba, akakiacha chungu mdomo juu. Mnyapara akapita. Akamsikia Hagari akimlilia Mungu awatoe utumwani. Jumanne Hagari akauzwa Jojia, akaondoka na nguo aliyovaa. Minda hakumwona tena.

Hakuna aliyemlaumu. Alijilaumu mwenyewe. Tangu siku ile alikifunika chungu kabla jua halijashuka, akarudi kukitazama mara tatu, mara nne.

Alipofika miaka kumi na minne akaingizwa nyumba kubwa, kumpepea bwana wakati wa kula ili nzi wasitue. Mpepeaji ni kama kiti, hakuna anayemchungia maneno. Majira yale mezani walikula hasira. Kaskazini wamemchagua rais asiyetaka utumwa uenee katika nchi mpya za magharibi. Leo hauenei, alisema bwana, kesho watatunyang'anya watumwa tulio nao. Afadhali majimbo yetu yajitenge, na wakitaka vita waje. Akapiga meza, mchuzi ukamwagika, na Minda ndiye aliyeufuta.

Wakajitenga. Vita vikaja. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, mizinga ya meli za kaskazini ilinguruma ghubani tangu asubuhi, hata vikombe vikalia kabatini. Bwana Hadlow akakimbilia mashua na mkewe na bintiye mdogo, akiwapigia watumwa kelele wamfuate, ati wale watu wa kaskazini wana pembe na watawauza Kuba. Watumwa wakajilaza kwenye mahindi. Kakongwe kamoja kakauliza, "Huyu aliyetuuza miaka yote, leo anaogopa tutauzwa?" Watu wakacheka huku wamelala kifudifudi.

Mashua ilipotoweka, Minda alikwenda kibandani mchana kweupe, akakishika chungu, akakigeuza mdomo juu. Watu wakaimba milango wazi, wakazunguka wakipiga miguu mpaka sakafu ikalalamika. Hapo ndipo alipoelewa: chuma hakijawahi kumeza sauti ya mtu. Na aliyemuuza mama yake si mtoto mwenye njaa, ni mtu aliyeandika bei.

Vita viliendelea miaka mitatu na zaidi. Prinsi, mchumba wake, alivaa koti la bluu la jeshi la kaskazini pamoja na vijana wa visiwani, akarudi na mguu mmoja, wakafunga ndoa. Minda alimtafuta Hagari kwa barua za makanisa mpaka Jojia ikaisha. Hakumpata.

Rina alisikiliza yote, akajifuta macho kwa pindo la aproni. Hakuuliza tena.

Miaka ikapita, Prinsi akazikwa, na mabwana waliokimbia wakarudi na sheria zao. Bi Lavinia Hadlow, yule binti wa mashuani, akashuka siku moja mbele ya baraza ya Minda kwa gari la farasi. Mjini walikuwa wanasimamisha sanamu ya askari wa kusini.

"Shangazi Minda, hujambo?"

"Shangazi? Mimi na babako hatukunyonya ziwa moja, Bi Lavinia. Karibu lakini."

Mama huyo alitaka Minda asimame jukwaani, mtumishi wa zamani, aseme mabwana walikuwa wema na vita vilikuwa vya haki za majimbo, si vya utumwa.

"Maneno mawili tu. Mnajua nyumba yenu ya sala imesimama kwenye ardhi yangu. Ningependa iendelee kusimama."

"Bi Lavinia, mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya kiti cha babako na pepeo. Haki alizozitaja zilikuwa moja tu: haki ya kunimiliki mimi. Niliufuta mchuzi, nakumbuka."

"Nawapa mpaka Jumamosi."

Jioni ile shemasi Pompi akaja mbio, kofia mkononi. "Mama Minda, kaseme tu! Mungu anaujua moyo wako."

"Anaujua, na masikio pia anayo. Mamangu aliuzwa kwa kusema kweli, mimi niseme uongo ili nilinde mbao? Mbao zina misumari, Pompi. Na misumari hung'oka."

Ijumaa waliing'oa ile nyumba ya sala. Wanaume wakabeba kuta, wanawake wakabeba mabenchi vichwani wakiimba, wakapita barabara kubwa Bi Lavinia akitazama. Wakaisimamisha upya uani kwa Minda, kwenye ardhi yake mwenyewe, na chungu kikawa pale mlangoni. Sanamu ilizinduliwa pasipo mtumishi wa zamani. Rina ndiye aliyekuwa akimwaga maji ya mvua kila asubuhi, ananung'unika juu ya mbu, kisha anakirudisha, mdomo juu.

Kwetu marehemu huwekewa juu ya kaburi vyombo alivyotumia mwisho, navyo hutobolewa kwanza, ishara kwamba kazi yake imekwisha. Minda alipougua mwaka jana, alimwita Rina na shemasi, akawashika mikono.

"Nikifa, nikumbukeni mbele za Mungu. Kisha niwekeeni chungu changu kaburini. Msikitoboe. Na Rina, wewe ukiweke mwenyewe, mdomo juu."