Ganda la Mureithi Katika Udongo wa Chai

Kila mara ni mimi ninasumbuliwa niseme habari ya Nyathira, kama hapa Roret hakuna mwingine mwenye mdomo. Haya basi.

Nyathira alikuwa na mtoto mmoja tu, Mureithi, mpishi kwa meli ya watafiti, wale wanaochota matope chini kabisa ya bahari, mahali jua halifiki. Likizo moja alimletea mama yake ganda jembamba, jeupe, limepinda kama pembe ya ndovu lakini si refu kupita kidole, tupu ndani, wazi huku na huku.

"Mama, hii ni nyumba ya mnyama. Hata wasomi wa meli hawamjui vizuri. Anakaa kichwa chini ndani ya matope, ncha tu ndiyo inatokea."

"Na wewe ukaacha chai ukaenda kuokota konokono," Nyathira akamwambia, lakini akalifunga kwa leso.

Akarudi kwa meli, halafu simu ikaja: Mureithi ameanguka majini. Maiti haikupatikana. Nyathira akapeleka lile ganda kwa Pasta Chege, akasema limetoka huko mtoto wake amelala, lizikwe.

"Mama, kanisa halizikangi konokono."

"Basi nitazika mwenyewe."

Akachimba kati ya mistari ya chai, kando ya kaburi la mzee wake, baba Mureithi, akalisimamisha kama mche, mdomo mpana chini, ncha juu, vile Mureithi alisema. Kila asubuhi kabla ya kuchuna alipiga magoti hapo, kikapu mgongoni. Mvua ya masika ikaja, ikaisha.

Wamama wa kanisa wakamkalia Pasta mpaka akakubali: lileteni kwa sanduku, tutaliombea kama mtu. Nyathira akafukua kwa vidole. Akapata unga mweupe, kama chokaa iliyolowa, ukamwishia mkononi.

Kipkurui, jirani yake, akavua kofia. "Pole, mama. Udongo wa chai ni mkali. Hata ganda la yai unakula."

"Kwa hivyo ni mimi nimemmaliza."

"Si wewe, mama."

Mpaka leo Nyathira hachuni. Majani yamekomaa, yeye anakaa hapo kwa shimo, na anayekuja na jembe kulifunika anafukuzwa.

Wewe unayesoma, kama una mtu wako kwa meli za namna hiyo, mwambie atoe ganda lingine kwa matope ya huko, alilete Roret, aulize kwa Nyathira. Usiseme utajaribu. Mpigie leo.