Mara ya Tatu Haikufika

Kwa heshima na taadhima, kwa mabibi na mabwana wote wasomao Kiingereza, wazima na wanaojikongoja, inatangazwa rasmi kwamba ushairi mpya wa Kiajemi umewafikia salama salimini. Haukuvunjika njiani, haukuchuja rangi, haukupungua uzito. Umevushwa mpaka na Bi Homeyra Shalchian, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja na goti moja linalotii, mkazi wa ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti, hapa Tehran. Pigeni makofi. Jina lake hamtaliona popote, lakini nyinyi pigeni tu.

Siku za kazi Bi Homeyra alikuwa mtafsiri wa hati. Ofisi yake ilikuwa karibu na uwanja wa Enghelab, juu ya duka la fotokopi, na watu walipanda ngazi wakihema, wamekumbatia bahasha: vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya talaka, barua za polisi za kuthibitisha kwamba hawajaua mtu, na matokeo ya chuo kikuu ambayo hata mama zao hawakuwahi kuonyeshwa. Nusu ya jiji ilikuwa inaondoka, nusu nyingine ilikuwa inaulizia utaratibu. Bi Homeyra akawageuza wote kuwa Kiingereza, na chini ya kila ukurasa akagonga muhuri wenye jina lake. Hakukuwa na ubalozi usiomjua. Maafisa wa uhamiaji wa nchi kumi na saba walikuwa wamelisoma jina lake huku wakipiga miayo.

Ijumaa, wenzake walipokwenda mlimani kutembea na kula kebab, yeye alikuwa anatafsiri mashairi.

Mshairi mwenyewe aliitwa Esfandiar Kuhpar, mzee wa miaka sabini na minane, sikio moja limekufa na la pili liko mbioni. Aliandika kuhusu mambo yasiyo na adabu ya kuwa mashairi: lifti iliyokwama, foleni ya dawa, shangazi anayeficha aprikoti kabatini kisha anasahau. Watu wa hapa walimpenda mpaka madereva wakawa wanakariri mistari yake kwenye taa nyekundu. Kwa miaka tisa Bi Homeyra alimwendea kila Alhamisi alasiri, daftari mkononi.

"Ustadh, huyu anayeshuka ngazi kwenye shairi la lifti, ni mwanamume au mwanamke?"

"Nani?"

"Yeye."

"Yeye ni yeye."

"Waingereza hawakubali, Ustadh. Lazima achague."

"Basi asishuke. Kunywa chai."

Sisi wenye "yeye" mmoja kwa wote hatuoni tatizo liko wapi. Lakini Bi Homeyra alikaa miezi minne na ngazi ile ile, akaandika, akafuta, mpaka akampata mtu anayeshuka kwa Kiingereza bila kuonyesha kama amevaa suruali au sketi. Siku ile alinunua kilo nzima ya biskuti za unga wa dengu akazila peke yake, kwa sababu hakuna mtu Tehran nzima ambaye angeelewa anasherehekea nini.

Mashairi hamsini na mawili. Na baada ya miaka tisa hiyo yote alitaka kitu kimoja tu: jina lake liwe kwenye jalada. Hata dogo. Hata pembeni, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Hakuolewa, hakuzaa, hakuhama. Alitaka pawe na kitu kimoja duniani chenye jina lake ambacho si talaka ya mtu.

Shida ni kwamba huko Uingereza hakuna mchapishaji anayefungua barua ya bibi wa hati kutoka Tehran. Anahitajika mtu wa kubisha hodi, na mtu huyo alikuwa Dokta Kiumars Vafabakhsh. Dokta ni mtoto wa kwetu, wa Isfahan, aliyeondoka miaka thelathini na moja iliyopita na sanduku moja na lafudhi moja. Sanduku analo bado. Alikuwa anafundisha chuo kikuu huko, katika idara yenye walimu sita na wanafunzi wanne. Akamwandikia Bi Homeyra kwamba tafsiri ni nzuri mno, ila ataipitishia mkono kidogo.

Mkono huo, jamani! Shairi la foleni ya dawa liliondoka hapa likiwa na watu arobaini na mfamasia mkali. Likarudi na bulbuli.

"Dokta, humu hakuna bulbuli," Bi Homeyra alimwambia kwenye simu.

"Bi Homeyra, roho yangu, msomaji wa huku akifungua kitabu cha Mwajemi asikute ndege, atadhani kurasa zimedondoka."

"Lakini ni foleni ya dawa."

"Ndiyo, na bulbuli naye ni mgonjwa. Umeona uzuri wake?"

Alipigana. Kati ya bulbuli kumi na tisa alifanikiwa kuwafukuza kumi na sita. Watatu waliobaki aliwaacha kwa ajili ya amani.

Kisha ikafika siku ya jalada. Hapa itabidi niseme kitu ambacho kila mtoto wa kwetu hunyonya na maziwa. Kwetu kitu kizuri hakipokelewi mara ya kwanza. Hata dereva wa teksi ukimuuliza umlipe ngapi atakwambia, "Wewe ni mgeni wangu, acha tu," na ole wako ushuke ukaache kweli. Unakataa, unashikiliwa, unakataa tena, unashikiliwa tena, mara ya tatu unaapiwa, ndipo unapokea huku unalalamika kwamba umeonewa. Hiyo ndiyo inaitwa taarofu. Asiyeijua ni mgeni, na anayejifanya haijui ni mwizi.

Dokta alipiga simu saa tano asubuhi, ofisini kumejaa watu wa vyeti.

"Bi Homeyra, mchapishaji anauliza majina ya jaladani. La kwako litangulie, langu lifuate."

Moyo ukamruka. Lakini mdomo, mdomo ulilelewa na mama yake.

"Astaghfirullah, Dokta. Mimi nani? La kwako peke yake linatosha na kuzidi."

"Hapana, bwana. Haiwezekani. Kazi ni yako."

"Kazi gani? Mimi nimechota maji tu, bustani ni ya Ustadh na mpandaji ni wewe. Usiniandike kabisa, naapa kwa kaburi la baba yangu."

Hiyo ilikuwa ya pili. Akavuta pumzi, akaliweka tayari lile jibu la mara ya tatu, lile la kulalamika: unaniaibisha, Dokta, haya, kama unanilazimisha. Lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Basi sawa," Dokta akasema. "Kama ndivyo unavyotaka, nitaheshimu."

Na simu ikakatika. Bi Homeyra akabaki mdomo wazi, huku kijana mmoja aliyetaka kuhamia Ujerumani akimuuliza kama cheti chake kina kasoro.

Jioni aliteremka kwa wifi yake, Shokuh, mke wa marehemu kaka yake, anayekaa ghorofa ya kwanza. Shokuh alikuwa ametandika kitambaa sakafuni, anachambua majani ya kitoweo: giligilani, vitunguu jani, uwatu. Bi Homeyra akakaa, goti likalia, akasimulia yote.

"Subiri kwanza," Shokuh akasema, kisu hewani. "Alikuomba mara mbili tu?"

"Mbili."

"Mtu wa Isfahan?"

"Wa Isfahan, wifi yangu."

"Mungu amlaani! Mama yake angefufuka akamchapa. Na wewe kwa nini hukusema ndiyo?"

"Mara ya pili? Niseme ndiyo mara ya pili kama mtu aliyeshikwa na njaa?"

"Ungesema tu. Miaka tisa!"

"Wewe ungesema?"

Shokuh akalitazama fungu la uwatu. "Mimi?" akasema. "Nisingethubutu. Lakini mimi sina kitabu."

"Nimwandikie nimwambie ilikuwa taarofu?"

"Toba! Hilo halisemwi. Bora umtukane."

Na kweli halisemwi. Kumwambia mtu kwamba ulikuwa unataarofu ni kumtangazia mambo mawili kwa pigo moja: wewe ni mwongo, na yeye hana malezi. Bi Homeyra alijaribu kuiandika barua hiyo kwa Kiajemi siku tatu mfululizo. Kila alipofika kwenye jina lake, sentensi ilijifunika shela ikakimbia. Siku ya nne akapata akili. Akaiandika kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza ikawa mstari mmoja: tafadhali weka jina langu kwenye jalada, mimi ndiye mtafsiri. Akashangaa jinsi inavyowezekana. Akaituma kabla hajaona aibu.

Dokta, ambaye kwa miaka thelathini na moja alikuwa amesahau taarofu kila ilipofika zamu yake ya kutoa, aliikumbuka yote kwa mara moja. Akajibu kwa Kiajemi, kurasa mbili. Alisema yeye ni vumbi la miguu ya Bi Homeyra. Alisema barua yake ameiweka machoni. Alisema unyenyekevu wake wa siku ile kwenye simu ulimtoa machozi, akamsimulia mke wake, naye mke akalia. Alisema kitabu, masikini, kimeshakwenda kiwandani, lakini jina la Bi Homeyra limechapwa mahali ambapo hakuna kiwanda kinachofika, yaani moyoni mwake.

Bi Homeyra akaisoma mara mbili. Kama mtu wa kazi hiyo, akaitafsiri kichwani. Ilitoka neno moja: hapana.

Masika Dokta alikuja Tehran, na kitabu kikafunuliwa katika ukumbi wa duka moja la vitabu, kwa desturi zetu zote: meza mbele, juu yake kitabu kimefunikwa kitambaa cha tirizi za dhahabu kama bibi harusi, sahani za keki, chai, na mshereheshaji aliyekuwa mtangazaji wa redio zamani, mwenye sauti ambayo ungeweza kuipaka kwenye mkate. Ustadh Esfandiar aliketishwa mbele. Bi Homeyra na Shokuh walikaa safu ya sita.

Kitambaa kikavutwa. Makofi. Jalada lilikuwa na majina mawili: la Ustadh na la Dokta. Na bulbuli, mkubwa.

"Huyo ndege wa nani?" Ustadh akauliza kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri. Watu wakacheka, wakadhani ni utani.

Dokta akashika kipaza sauti. Akasimulia machozi yake ya usiku alipokuwa akitafuta neno la Kiingereza kwa mtu anayeshuka ngazi, mtu asiye mwanamume wala mwanamke. Ukumbi ukaguna kwa huruma. Shokuh akaanza kuchana leso ya karatasi vipande vipande.

"Na hapa katikati yetu," Dokta akaendelea, "yupo bibi aliyenisaidia maneno mawili matatu magumu. Nilimwomba, mabibi na mabwana, nilimsihi aniruhusu niweke jina lake. Akaniapia kaburi la baba yake kwamba hataki! Huo ndio moyo wa watu wetu. Huko ninakokaa hakuna."

Ukumbi mzima ukageuka. Wengine walifuta macho. Kina mama walitikisa vichwa kwa fahari, kama kwamba kila mmoja wao alikuwa amekataa kitabu asubuhi ile. Hata Ustadh aligeuka, mkono nyuma ya lile sikio la pili.

Kipaza sauti kikapitishwa safu kwa safu mpaka kikamfikia mapajani. Shokuh akamfinya, haikujulikana kwa kumzuia au kwa kumsukuma.

"Bi Homeyra Shalchian," mshereheshaji akasema, akishusha sauti yake mpaka kwenye zulia, "katika zama hizi za watu kuuana kwa ajili ya majina, taifa lote linakusikiliza. Tuambie: ni nuru gani iliyouangaza moyo wako, hata ukaliepuka jina lako mwenyewe?"

"Ilikuwa taarofu," Bi Homeyra akasema. "Nililitaka."