Maji ya Moto Kwanza

Siku yangu ya kwanza kwenye maternite ya Kalemie, hospitali ya kujifungulia, masela, yaani mtawa aliyetusimamia, alinipa beseni la maji ya moto kabla hata ya kuniuliza jina. "Mikono," alisema. Nikanawa haraka nikasimama wima mbele yake. Nilidhani ni mambo ya usafi tu. Laiti ningemuuliza sababu siku ile, ningejiepusha na aibu nitakayowasimulia hapa.

Nyinyi mnaoanza ukunga leo mna mashine za kuona tumboni. Sisi tulikuwa na macho na vidole, na ninajivuna kidogo nikisema kwamba vidole vyetu vilijua mengi. Mtoto mchanga tulimkagua kuanzia juu: utosi, kaakaa, uti wa mgongo, njia ya haja. Akiwa wa kiume, tulitazama kama tundu la mkojo liko kwenye ncha, kisha tukapapasa mfuko wa korodani kuhakikisha ziko mbili. Masela alitufundisha kwa nini. Katika wiki za kwanza tumboni, wa kiume na wa kike huanza na viungo vya namna moja. Huwezi kuwatofautisha kwa macho. Baadaye ndipo mwili wa kiume hushika njia yake. Korodani hutengenezwa juu, ndani ya tumbo, karibu na figo, kisha huteremka taratibu, hupita kwenye kinena na kufika mfukoni katika miezi ya mwisho ya mimba. Hukaa nje kwa sababu zinahitaji mahali penye ubaridi kidogo zaidi ya tumboni, ili mtoto akishabalehe ziweze kutengeneza mbegu za uzazi. Ubaridi ukizidi, msuli mdogo huzivuta juu. Hilo la msuli niliandika kwenye daftari, nikapata alama nzuri kwenye mtihani, nikalisahau.

Miaka miwili baadaye nikapelekwa kwenye disipanseri moja, zahanati ya kijijini kando ya ziwa, upande wa Mpala. Mkubwa wangu huko alikuwa Muuguzi Mkuu, mtu mnene mwenye sauti ndogo, aliyevaa abakosi, ile suti ya serikali isiyo na tai, hata siku za kupima watoto uzito. Zilikuwa enzi za Zaire. Majina ya ubatizo yalikuwa yamewekwa kando kwa amri, na jina la babu likawa na uzito zaidi kuliko zamani.

Asubuhi moja ya kiangazi, upepo wa ziwani ukiwa mkali, alikuja Mama Safi, mke kijana wa mvuvi, na mtoto wake wa kwanza. Mtoto alikuwa na wiki tatu na alizaliwa nyumbani. Shangazi wa mumewe alifuatana naye akiwa na kitenge kipya, maana katika ukoo wao shangazi ndiye aliyempokea mtoto na kulitamka jina mbele ya watu. Siku hiyo angetamka Kabulo, jina la marehemu kaka yake, babu wa mtoto. Mimi nilikuwa nimetoka kunawa maji ya ziwani. Nikamvua mtoto nguo kwenye meza ya chuma, nikapapasa mfuko, nikaukuta mtupu. Nikasema kwa sauti, foleni nzima ikinisikia, "Huyu mutoto hana makende."

Shangazi hakupiga kelele. Alifunga kitenge chake upya.

"Jina ya kaka yangu haiendi kwa mutoto mwenye hakutimia," alisema. Kisha akamgeukia Mama Safi. "Na wewe, funga vitu vyako, urudie kwenu."

Mama Safi alimchukua mtoto wake mezani, akakaa naye sakafuni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Muuguzi Mkuu alitoka ofisini. "Ulinawa na maji gani?" aliniuliza.

"Ya ziwa, Papa."

"Na meza njo hii ya chuma."

Aliagiza maji yachemshwe, akaninawisha mwenyewe hadi mikono ikapata joto. Akamlaza mtoto mapajani mwa mama yake, karibu na mbabula yenye makaa. "Anza juu, kwenye kinena," aliniambia. "Teremusha kidole polepole." Korodani ya kushoto ikateleza ikafika mfukoni, ndogo kama haragwe. Baridi ya mikono yangu ndiyo iliyokuwa imeipandisha. Ya kulia niliigusa kwenye kinena, lakini hiyo ikakataa kushuka.

Nilingoja yeye aeleze. Akatikisa kichwa. "Wewe njo ulisema mbele ya watu, wewe njo utawaelezea."

Nikamuuliza Mama Safi kama mtoto alitimiza miezi yake. "Alikuja mbele, mwezi muzima," alijibu. Hapo nikapata pa kushika.

"Shangazi," nilisema, "hizi vitu zinatoka juu, karibu na figo. Moja ilishafika. Ya pili iko njiani, sababu mutoto alizaliwa mbele ya siku zake. Mara mingi inashuka yenyewe kwa miezi ya kwanza."

"Na kama haishuke?"

"Daktari wa Kalemie atapasua kidogo, ataishusha, ataishona pahali pake."

"Kosa ni ya mama yake?"

"Hapana. Kosa ni yangu, nilisema mbele ya kujua."

"Tutangoja," shangazi alisema. "Jina pia itangoja. Na huyu mama atangojea kwetu."

Basi mtoto akaitwa Bebe tu. Kila siku ya kupima uzito walikuja wote watatu, na shangazi alichovya kidole chake kwenye beseni kabla sijamgusa mtoto. Mwezi wa kwanza hakuna, wa pili hakuna. Usingizi wangu ulipungua kuliko wa mama yake. Mwezi wa tano kidole changu kilikuta mbili. Sikufungua mdomo. Nilimwita Muuguzi Mkuu naye apapase, akaniambia, "Sema sasa." Nikasema. Shangazi alimnyanyua mtoto juu, akaita "Kabulo!" mara tatu, na ya tatu sauti ikamkatika. Mama Safi alilia, nami nililia, wala sioni haya kusema hivyo.

Kutoka hapo nilipelekwa Nyunzu, kisha nikarudishwa Kalemie, nikaachiwa kiti cha masela. Kila mkunga mpya nilimpa beseni siku ya kwanza, na sababu yake nikampa palepale. Niliwakataza pia kusema wasichokihakikisha, na waliponiona mkali niliwaacha wanung'unike.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, nchi ikiwa imeshabadili jina tena, Kabulo alipata mtoto wa kiume kwenye maternite yetu. Mama Safi alifika akiwa bibi, mvi kichwani, chupa ya chai mkononi. Akaiweka mezani pangu.

"Ni maji ya moto, Mama."

Nikacheka. "Mama Safi, mpaka leo huniamini?"

"Ninakuamini sana," alisema huku akifungua kifuniko. "Lakini huyu alishapata jina. Tulimupa asubuhi, mbele ya wewe kumugusa."

Nikanyoosha mikono, akanimiminia.