Rimu ya Msiba

Tangu alfajiri Bi Saada haonekani, na msimu huu wa korosho tembo wanaingia mashamba ya Kilimarondo kama kwao. Mama mwenyewe kumbukumbu zimemtoka. Akikuta njia anaifuata tu. Mwanawe Halfani, mpiga mbiu wa kijiji, alitoka na spika huku analia, akagonga ile rimu kuukuu ya gari inayogongwa kwa msiba na hatari, taratibu, pigo moja moja. Hapa kwetu ukiisikia unaacha chungu jikoni, unatoka.

Hakutoka mtu.

Watoke kwa lipi? Kampeni zilipoanza, Rashidy, wakala wa mgombea mmoja, alimjia Halfani na maneno matamu. Sheria imeweka ukomo wa gharama za kampeni, na mabango na magari ya matangazo yalikuwa yameshaumaliza.

"Lakini wewe kaka, kutangaza ni kazi yako ya kila siku," alisema. "Gonga rimu, watu wakijaa mtaje mheshimiwa. Nani atasema hilo ni tangazo la chama?"

Akamwachia spika mpya. Halfani, masikini wa Mungu, akafurahia spika. Watu wakawa wanatoka mbio, wengine wameshaanza kulia, wanauliza nani amefariki, wanaambiwa habari za barabara ya lami! Mwanzoni walicheka. Baadaye walitukana. Mwishowe wakawa hawatoki kabisa, na mimi siwalaumu.

Sasa Halfani alikuwa anagonga mlango wa jirani yake, Rukaiya.

"Dada, mama amepotea! Nisaidieni kumtafuta!"

"Mwambie mgombea wako amtafute," Rukaiya alijibu kutoka ndani. "Niache nibangue korosho zangu."

Halfani aliapa kwa Mwenyezi Mungu. Rukaiya akaongeza sauti ya redio. Basi Halfani akaitupa spika pale uani, akaingia kwenye mikorosho peke yake, akiita "Mama! Mama wee!" mpaka sauti ikakauka.

Kesho yake asubuhi Yunusi, aliyekuwa anawahi kuokota korosho, alimkuta Bi Saada ukingoni mwa shamba. Tembo walikuwa wamepita hapo. Hakuwa hai.

Rimu Halfani hakuigusa. Alizunguka nyumba hadi nyumba, miguu mitupu, kuwaambia watu waje kuzika. Rukaiya alifungua mlango, akamtazama sana, na bado akauliza:

"Huu msiba wa kweli?"

"Wa kweli, dada," alisema Halfani. "Ni mama."