Kidole Kifupi cha Mama

Mkono wa kushoto wa mama ulikuwa na vidole vinne na nusu. Kile cha mwisho kilikatwa na mundu shambani Majimoto, wakati wa kuvuna mpunga, kabla sijazaliwa. Hakikumsumbua hata kidogo. Tukiwa watoto, akikukosa kwa kofi la kulia alikupata kwa la kushoto, na usidanganyike, liliuma vilevile.

Mimi nina kiduka Makanyagio, hapa Mpanda: picha za pasipoti, fotokopi, kadi za harusi. Ila kazi ninayoipenda kweli ni albamu za kwenye kompyuta. Unakusanya picha za familia, unazipanga ukurasa kwa ukurasa, unaweka maneno na marembo, mwenyewe anazipokea kwenye simu au anaonyesha wageni kwa projekta. Katika kazi hiyo kuna kitu tunakiita maski. Ni umbo jeusi na jeupe unalolilaza juu ya picha: palipo peupe picha inaonekana, palipo peusi inafichika. Wengi wanapakua za mtandaoni, mioyo na maua ambayo hata hayaoti kwetu. Mimi natengeneza zangu. Nimeskani jani la tumbaku, nimeskani karatasi iliyochanwa, nimeskani hadi ukingo wa ungo. Mwenzangu alikuwa ananicheka: "Wewe shosti, ipo siku utaskani ugali."

Huyo mwenzangu hakuwa mfanyakazi wangu, niliseme hilo mapema. Kiduka tulikianzisha wote, kompyuta moja, neno la siri moja. Akiumwa nilimpelekea uji. Mama alimwita "mwanangu", naye alimwita "mama", hakuwahi kusema "mama yako".

Mama alipoanza kudhoofika nikamleta mjini akae kwangu. Mchana mmoja nikamwambia nataka alama ya mkono wake nitengeneze maski, ili picha zake zote zikae ndani ya kiganja chake. Akanyoosha wa kushoto.

"Mama, toa wa kulia bwana."

"Wa kulia umesalimia watu tu. Huu ndio ulioshika mpunga. Unautaka huutaki?"

Tukachanganya masizi ya sufuria na mafuta ya alizeti, nikampaka, tukaukandamiza mkono kwenye karatasi. Mwenzangu ndiye aliyemnawisha. Alimsugua kidole kimoja kimoja kwa sabuni na maji ya vuguvugu, taratibu, na alipofika kwenye kile kifupi mama akamwambia, "Hicho kipe nusu ya sabuni." Tulicheka sisi, mpaka maji yakamwagika.

Nikaiskani ile karatasi, nikageuza rangi: mkono mweusi ukawa mweupe, karatasi ikawa nyeusi. Sikugusa kitu kingine, mikunjo yote niliiacha. Nilipoweka chini yake picha ya shamba letu, mpunga ulijaa kiganjani, ukapanda kwenye vidole, ukaishia pale pale mundu ulipopita. Nililia peke yangu pale dukani, kwa furaha.

Mama akafariki. Tukamrudisha Majimoto. Kabla jeneza halijafungwa, mama mdogo akaiona ile karatasi kwenye vitu vya marehemu. "Mkono wa mtu hauachwi nje," akasema. "Mlazie dada yangu kifuani." Ni mimi niliyeiweka, kwa mikono yangu. Sikuona shida. Mkono ulikuwepo kwenye kompyuta, na kompyuta ilikuwa na mtu ninayemwamini. Mwenzangu alikuja kuzika, akalia kuliko sisi wenye msiba, kisha akarudi mjini kufungua duka.

Mimi nilibaki. Tukakubaliana na ndugu kwamba siku ya kumaliza matanga nitaonyesha albamu ya mama kwenye shuka jeupe, watu wote waione. Siku zilipokaribia nikarudi Mpanda kuimalizia. Nikafungua lile faili.

Vidole vitano. Kamili.

Nikadhani nimekosea faili. Jina lilikuwa lile lile. Nikaukuza mkono hadi ukajaa kioo chote. Kidole cha mwisho kilikuwa kimerefushwa, kimechongewa ncha ya duara. Kilikuwa nakala ya kidole cha pete iliyopunguzwa, maana mikunjo yake ilikuwa ile ile.

"Umeufanya nini mkono wa mama?"

Mwenzangu alikuwa anakata kadi. Wala hakushtuka. "Aah, ule? Kuna watu wa harusi walitaka maharusi wakae ndani ya mkono. Walipoona kidole wakasema ni mkosi. Nikakirekebisha kidogo."

"Na ule wa mwanzo?"

"Nilisevu juu yake. Si bado ni mkono wa mama? Tena sasa mzuri zaidi."

Mzuri zaidi! Jamani! Macho makavu, mkasi mkononi. Nilimtukana mpaka muuza mitumba wa jirani akaja kuchungulia. Angekuwa mwizi amebeba kompyuta nzima nisingeumia hivyo. Mwizi hajui anachochukua. Huyu alikisugua kile kidole kwa sabuni. Alijua. Nilijiona mjinga, mjinga kabisa, na uchungu huo sijaumaliza hadi leo.

Nikatafuta kwenye flashi, kwenye simu, kwenye picha zote za zamani. Wapi! Mama akipigwa picha aliuficha mkono huo ndani ya kanga. Ikabidi nikikate mwenyewe. Nikachukua brashi nyeusi ya kwenye kompyuta, nikafuta ncha kwa mstari ulionyooka. Sio yeye. Nikarudisha. Nikakata kwa mshazari kwenda nje. Sio yeye. Mkono ulionilea, ulionichapa, na sikumbuki ulivyoishia! Nikampigia mama mdogo. "Kilikuwa kifupi tu, mwanangu," akasema. "Nani alikiangalia?"

Nikakata tena, nikarudisha tena.

"Kilikatikia kwa ndani." Mwenzangu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mshazari unashukia upande wa kidole cha pete. Na chini yake palikuwa na kovu dogo, kama punje ya mchele."

Nilitaka kumwambia toka, usinisemeshe, usimtaje mama yangu. Nilichosema ni, "Chini kiasi gani?"

Akaweka kucha yake kwenye kioo. Nikakata hapo.

Duka tumeshagawana, yeye yuko upande wa stesheni, na tukikutana sokoni kila mmoja anaangalia nyanya zake. Siku ya kumaliza matanga mkono wa mama ulitokea kwenye shuka, mkubwa kuliko mlango, mpunga umeujaa. Mama mdogo alilia akisema ndio wenyewe, dada yangu huyo. Lakini si ndiye aliyeniambia hakuna aliyekiangalia? Mkono wote ule ni wa mama, isipokuwa ile ncha. Ile ni maneno ya mtu aliyenisaliti, na sina mwingine wa kumuuliza kama ni kweli.